Reli Mbili Nyuma ya Jicho

Macho, husemwa, hayana pazia.
Langu la kulia lilipata lake mwezi wa Februari,
la kijivu, jepesi kama mvuke wa chai,
likishuka kila nilipoinama kufunga kamba za buti,
likipanda tena nikifika sita, saba.

Mimi ni dereva wa tramu, Daugavpils,
toka stesheni mpaka ngome ya zamani, mwaka wa kumi na tisa huu.
Kwenye taa ya njia panda nikaziba jicho moja, kisha jingine, mchezo tu:
la kushoto, nyekundu.
La kulia, tofali lililonyeshewa.

Daktari Biruta alichora nyuma ya risiti:
kichwa cha neva, duara, kingo kali kama za sarafu.
Halafu akachora langu,
sarafu iliyoangukia kwenye uji.
"Kuvimba ni hodi," akasema. "Anayebisha simjui bado.
Huenda maji ya ubongo yamezidi shinikizo.
Huenda damu imeganda mshipani.
Huenda neva imewaka yenyewe,
au ni vijiwe vya chokaa ulivyozaliwa navyo, visivyo na neno."

Mashine ya hospitali yetu ilikata picha nene,
milimita tano tano, kama mama mkwe akatavyo mkate mweusi.
Hakuna kitu, wakaandika.
Imants, mume wangu, akanunua keki.
Nikameza steroidi wiki tatu, uso ukaumuka, usingizi ukahama,
na pazia likaendelea na ratiba yake.

Aprili, Riga.
Ausma, fundi wa picha, alikuwa na penseli iliyotafunwa.
"Nitakata nyembamba, chini ya milimita moja.
Nitauzima mng'ao wa mafuta, neva isipate pa kujificha.
Usimeze mate. Macho yasicheze. Chagua nukta, itazame."
Nikachagua. Kutazama mbele ndiyo kazi yangu.
Ili nisimeze mate, mgongano ule nikautia mizani:

Gongo gongo lagongana, sumaku yanizunguka,
kichwa kimebanwa sana, nakatazwa kutingika,
usiku ama mchana, saa haikutamka,
kengele nisiyoona, kituo hakikufika.

Katikati, dawa ya kung'arisha ikapanda mkononi,
baridi mpaka kwapani.
Nukta yangu ikazaa nukta mbili. Nikazishikilia zote.

Baadaye Ausma akaniita kwenye skrini, jambo ambalo
nadhani haruhusiwi.
Neva yangu: uzi mweusi ukitoka nyuma ya jicho.
Na kila upande wake mstari mweupe,
miwili, sambamba, ikipinda pamoja pale uzi ulipopinda.
Nikacheka. Akashtuka.
"Njia yangu hiyo," nikamwambia,
nikamweleza kazi yangu, naye akaweka penseli chini:
hata vitabuni mwao, akasema, alama hii huitwa reli.

Daktari wa huko alisema taratibu, akiyapima maneno.
Ala ya neva imeota kinyama,
nayo inaibana neva, ala ndogo kwa kisu chake.
Hakina haraka, kinyama hiki. Kinakua kama kucha.
Miale itakisimamisha, huenda.
Tramu, hapana. Hilo halikuwa na huenda.

Treni ya kurudi, nilikaa kiti kinachotazama nyuma,
nikaziona reli zikikimbia kuungana kule mbali
ambako haziungani kamwe.
Nikaziba jicho la kushoto.
Zilikuwepo bado. Hafifu, lakini mbili.

Imants alinipokea stesheni, kofia mkononi.
"Wameona kitu?"
"Wameona."
Akasimama mbele ya duka la mikate
kama mtu aliyesahau bei,
maana ile ya kwanza aliinunua kwa sababu hawakuona.
Sasa anunue ipi?
Ileile, nikamwambia. Ya jibini.
Ile ya kwanza sikuionja.